Violeti ya Usambara: jani kwenye maji, kwenye udongo, au ninunue tu?

Ghorofa_ya_Tatu
Habari wanajukwaa. Nina violeti ya Usambara moja, imestawi vizuri, nataka niizalishe ziwe nyingi. Wengine wanasema jani uliweke kwenye glasi ya maji, wengine ulichomeke moja kwa moja kwenye udongo. Kuna kitalu wanauza zilizokwisha chanua, ila kwa bei ya chungu kimoja unapata kuku wawili. Nifanye lipi? Wenye uzoefu tu tafadhali.

mama_vyungu
Uko mkoa gani? Maua rangi gani? Dirisha linaelekea wapi? Unazitaka lini? Bila hayo tutakuwa tunakupigia ramli.

Kitalu_Mbezi
Maji. Chukua jani la safu ya kati, si ya chini yaliyozeeka. Acha kikonyo cha sentimita 3 hivi, kikate mshazari. Funika mdomo wa glasi kwa foili, toboa tundu, pitisha kikonyo. Jani lenyewe lisiguse maji. Wiki ya 3 au ya 4 unaona mizizi myeupe. Hakuna kubahatisha.

MzaliwaWaAmani
Hiyo ni raha ya macho tu. Mizizi ya majini ni laini, ukiihamishia kwenye udongo inakatika na jani linaanza upya. Changanya makumbi ya nazi yaliyosagwa na mchanga wa mto, nusu kwa nusu. Wa baharini hapana, una chumvi. Lowanisha usiwe tope, chomeka jani, funika na mfuko wa nailoni unaopitisha mwanga. Baada ya miezi 2 hivi vitoto vinachomoza chini ya jani.

Kitalu_Mbezi
Nailoni ya wapi mkuu? Si ilipigwa marufuku tangu Juni 2019?

MzaliwaWaAmani
Iliyokatazwa ni ya kubebea. Tusome vizuri.

mama_vyungu
Kateni chupa ya maji mfunikie, yaishe. Mtoa mada yuko wapi?

Ghorofa_ya_Tatu
Samahani, nilikuwa kazini. Niko Upanga, Dar. Dirisha la mashariki. Maua ni meupe, kila petali ina mstari wa zambarau katikati. Nazitaka za kuweka mezani kwenye sendofu ya mdogo wangu, Desemba. Meza 15.

mama_vyungu
Desemba hii?! Ndiyo maana niliuliza. Jani ukilichomeka leo, maua ni miezi 6 hadi 9, tena huko kwenu joto lenyewe halina adabu. Ikizidi nyuzi 27 huwa inagoma kuchanua. Halafu hayo ya mistari kwa jani hayarudi. Mistari inatokana na tabaka mbili za seli zenye urithi tofauti, na kitoto cha jani huanzia kwenye seli chache tu, kwa hiyo mara nyingi kinatoka rangi moja. Ukitaka mistari, tenga chipukizi linalotoka kwenye kwapa la jani, pale jani linapoungana na shina. Yako inalo?

Ghorofa_ya_Tatu
Sijui hata linafananaje.

Dada_Moro
Wanaotaka kununua wasikie yangu kwanza. Nilinunua nne kwa muuzaji wa barabarani, kazifunga na karatasi za kumeremeta, maua yamejaa. Nikaziweka sebuleni pamoja na mimea yangu mingine. Haukupita muda nikaona vitu vyeupe kama pamba kwenye makwapa ya majani. Nampigia, ananiambia ni vumbi la mbolea. Vumbi gani linatembea? Ni vidung'ata! Nikawa nafuta kwa spiriti na kijiti cha masikio, jani moja moja, na majani yenyewe yana manyoya, pamba inang'ang'ania. Mwisho nikachomoa mmoja kwenye chungu: mizizi yote imejaa weupe uleule, udongo ni mfinyanzi mweusi, na chini kuna kipande cha godoro! Sponji kabisa. Kumpigia tena ananijibu, "Dada, maua ni kama watoto, yanataka malezi." Asumini yangu ikaambukizwa, na ya jirani pia. Hatusalimiani vizuri mpaka leo, na jirani, si muuzaji.

Kitalu_Mbezi
Si vitalu vyote jamani.

Kijana_wa_Voi
Kwani Mzaliwa si unaishi msituni huko Amani, Usambara? Mletee mtoa mada za bure.

MzaliwaWaAmani
Kule ni hifadhi, hung'oi kitu. Na ya mwituni imezoea mwamba wenye kivuli na unyevu wa milimani, Upanga itanyauka. Mjerumani Saint Paul-Illaire alizipeleka kwao, mtaalamu wa mimea Wendland akaziandika kitaalamu mwaka 1893. Leo tunauziwa ua la Usambara kwa bei ya kitu kilichotoka ng'ambo.

Kijana_wa_Voi
Usambara pekee? Kuna ya Mlima Mbololo, Taita, huku Kenya, na haioti porini kwingine kokote.

MzaliwaWaAmani
Taita na Usambara ni milima ya safu moja, Tao la Mashariki. Mpaka mmeukuta.

Kijana_wa_Voi
Lakini uko upande wetu, mzee 😂

Ghorofa_ya_Tatu
Nimechungulia. Pembeni kuna kama kichwa cha pili, majani madogo yamebanana. Ndilo?

mama_vyungu
Piga picha kwa juu. Kama kina kikonyo kirefu chenye vitumba, hilo ni ua, usikate. Lakini hata likiwa chipukizi, moja halifiki meza 15. Kwa sendofu kodi maua, hili lizalishe kwa nafasi.

Kitalu_Mbezi
Wakati unasubiri, jani moja weka kwenye maji.

MzaliwaWaAmani
Udongo.

Dada_Moro
Kuna anayejua dawa ya vidung'ata isiyonuka? Nina mtoto mchanga ndani.