Nyonga bandia: ya simenti au ya vitundu? Naombeni ushauri wa haraka

KitindaMimba
Wakubwa shikamooni, wengine habari zenu. Naenda moja kwa moja kwenye mada. Mzazi wangu anatakiwa kuwekewa nyonga bandia, kwa sasa anatembea kwa shida sana. Daktari anataka kuweka ile inayoshikizwa kwa simenti ya mifupa, shina lake (ile sehemu inayoingia ndani ya mfupa wa paja) limeng'arishwa mpaka unajiona sura. Mimi nimesoma mno wiki hii, na kila ninapopita naona wenzetu wameshahama huko. Siku hizi uso wa chuma unatengenezwa ukiwa na vitundu vidogo vidogo, mfupa unaota kuingia humo na kukishika kiungo wenyewe, simenti haihitajiki.

Sasa kwa nini mzazi wangu awekewe cha zamani wakati cha kisasa kipo? Na vitundu viwe na ukubwa gani ndiyo vizuri? Nawaomba wanaojua vifaa tiba. Matusi sitaki.

MsomajiKimya
Nimeshakaa mbele kabisa. Wajuzi njooni.

FundiChuma
Hii ndiyo kazi inayoniweka mjini, ngoja niseme.

Mfupa hauingii kwenye kitundu chochote tu. Kikiwa kidogo mno, seli zinaweza kupenya lakini mishipa ya damu haipati njia, na mfupa bila damu hauishi. Vipimo vinavyotajwa tangu miaka ya 1980 ni kuanzia mikroni 100 hadi 400 hivi (mikroni moja ni sehemu moja ya elfu ya milimita). Lakini ukubwa peke yake hautoshi, vitundu lazima viwe vimeunganika ndani kwa ndani. Kitundu kilichoziba upande wa pili ni shimo tu.

Ukitaka kuona mambo, tafuta habari za tantali ya vitundu, nayo ni aina ya metali. Kati ya asilimia 75 na 80 ya ujazo wake ni nafasi tupu! Na hapo kuna faida ya pili ambayo watu hawaisemi. Titani ina ukakamavu wa kama gigapaskali 110 (ndicho kipimo chake, namba ikipanda chuma hakipindiki kirahisi), mfupa mgumu wa paja uko kati ya 15 na 20, ile tantali iko karibu na 3. Chuma kikakamavu kupita kiasi kinabeba mzigo wote peke yake, mfupa wa jirani unakosa kazi, unaanza kukonda. Chuma cha vitundu kinalegeza kidogo, mfupa unaendelea kufanya kazi yake.

Wengine wanapaka juu ya titani haidroksiapatiti, madini ya jamii ileile iliyomo kwenye mfupa, ili mwili ukubali haraka. Na hata titani tupu haiko tupu: ikikutana na hewa inajivika ngozi ya oksaidi yenye unene wa nanomita chache. Mwili unakutana na ile ngozi kabla ya chuma chenyewe.

Kwa kifupi mkuu, vitundu.

KitindaMimba
FundiChuma Mungu akubariki. Hiki ndicho nilichokuwa nawaambia watu.

JinoMoja
Mambo ya titani msinisahau mimi. Nina jino la kupandikiza, skrubu ya titani ndani ya taya, mwaka wa tisa huu. Aliyeanzisha haya ni Brånemark wa Sweden, alikuwa anachunguza damu ndani ya mifupa ya sungura mwaka 1952, akashindwa kuvitoa vile vifaa vyake vya titani kwa sababu mfupa ulikuwa umevishika. Mgonjwa wa kwanza wa meno akampandikiza 1965. Skrubu yangu imepigwa mchanga halafu ikachovywa tindikali ili iwe na mikwaruzo. Nilipomuuliza daktari kwa nini isiwe laini, akaniambia fundi wa plasta hugongagonga ukuta kwanza. Nikaelewa palepale.

Ila kula karanga upande ule bado naogopa.

MamaWawili
Kizazi hiki kina tabu. Daktari kasoma miaka chungu nzima, wewe umesoma wiki moja unataka kumchagulia chuma. Ukiumwa wewe, mwanao naye akubishanie na daktari kwa simu mkononi? Mheshimuni mtu na kazi yake jamani.

SistaWaMifupa
Kabla hamjaenda mbali. Mleta mada, mzazi wako ana umri gani? Na anawekewa nyonga kwa sababu ipi, gegedu limesagika au mfupa umevunjika? Hujasema, na jibu lote liko hapo.

KitindaMimba
Ni mtu mzima ila ana nguvu zake. Nyonga imeharibika. Dada yangu, mimi swali langu ni la uso wa chuma, upi ni bora kitaalamu, umri si hoja. Nimeona picha za mfupa ukiwa umeota ndani ya vitundu, unapendeza kwa macho.

BabuMkongoja
Mimi ninayo ya vitundu na sijutii. Niliwekewa nikiwa na miaka 52, gegedu lilikwisha kabisa, nikawa nalala kwa kugeuka kama... basi tuache. Wiki za mwanzo natembelea magongo, nikaambiwa nisikanyage kwa kishindo. Nilidhani ni uzembe wa kunionea, kumbe mfupa ulikuwa unajenga. Leo napanda ngazi, na jina langu humu nimelibakiza kwa ajili ya kumbukumbu tu. Mpe mzazi wako ya vitundu.

SistaWaMifupa
Babu shikamoo, lakini wewe ulikuwa na miaka 52 na mfupa mzima. KitindaMimba, nauliza tena. Umri? Amevunjika?

KitindaMimba
Mama ana miaka 81. Aliteleza bafuni. Eksirei inaonyesha shingo ya mfupa wa paja.

Sasa mtasema nini, kwamba mzee hastahili cha kisasa? Ndiyo maana sikutaka kutaja umri. Ukishasema 81 kila mtu anaanza kuongea kwa sauti ya msibani.

SistaWaMifupa
Hakuna aliyesema hastahili. Nisikilize vizuri.

Shina la vitundu halina gundi. Siku ya kwanza linashika kwa kubanwa tu: daktari anachonga ndani ya mfupa, kisha analigonga kwa nyundo mpaka likaze. Baada ya hapo linatakiwa litulie wiki kadhaa mfupa uote. Likichezacheza chini ya mikroni 50 hivi, mfupa unaota. Likicheza kupita mikroni 150, mwili unaweka kovu laini badala ya mfupa, na hapo kiungo hakijashika, kitauma. Sasa mfupa wa mama wa miaka 81 uliovunjika kwa kuteleza tu ni mfupa uliokwisha kuwa mwepesi. Ukigonga nyundo unaweza kupasuka mezani, au ukapasuka mwezi ujao akikanyaga vibaya.

Simenti inaganda ndani ya kama robo saa. Inaingia kwenye mfupa wa ndani ulio wazi wazi, inajaza, kesho yake anasimama na kukanyaga. Mtu wa umri huo kukanyaga mapema ndiyo uhai wake, kitanda kinaua kuliko nyonga.

Uingereza walilipima hili kwa watu zaidi ya 1,200 wa miaka 60 na kuendelea waliovunjika nyonga, matokeo yakatoka 2022 kwenye New England Journal of Medicine. Waliowekewa ya simenti walikuwa na hali bora kidogo ya maisha, na mfupa kuvunjika tena kuzunguka chuma ilikuwa asilimia 0.5, wa bila simenti asilimia 2.1. Na hizo za bila simenti zilikuwa za kisasa, msidhani waliletewa vyuma vya makumbusho.

FundiChuma
Mimi niliulizwa vitundu nikajibu vitundu. Angesema 81 na mvunjiko ningejibu kingine.

Ila naona neno "cha zamani" limemkaa mleta mada, na hapo ndipo anapokosea zaidi. Shina la kung'arishwa halikung'arishwa kwa uvivu. Kule Exeter, Uingereza, walianza na shina lililong'arishwa mwaka 1970. Mwaka 1976 wakabadilisha, wakaweka uso usiong'aa, kwa wazo hilihili la kwamba chenye mkwaruzo kinashika zaidi. Mashina yakaanza kulegea kupita awali! Mwaka 1986 wakarudi kwenye kung'arisha.

Sababu yake inanifurahisha kila nikiisimulia. Shina lile ni jembamba kuelekea chini. Likiwa laini, linashuka kidogo sana ndani ya simenti, na kila likishuka linajikaza. Likiwa na mkwaruzo haliwezi kuteleza, basi kila hatua linasugua simenti na kutoa unga, na unga huo unauamsha mwili uanze kuula mfupa. Kwa hiyo uso mzuri unategemea umegusana na nini. Ukigusana na mfupa hai wenye nguvu, weka vitundu. Ukigusana na simenti, ng'arisha.

KitindaMimba
Sawa, lakini nyie hamsemi upande wa pili. Simenti inashusha presha! Nimesoma, ikisukumwa ndani ya mfupa watu wanapoteza oksijeni na moyo unasimama mezani. Mama ana presha. Afadhali ufa wa mfupa kuliko hiyo. Sikuamka tu nikachagua vitundu kwa kupenda urembo.

SistaWaMifupa
Hapo umesema kitu cha kweli, na ungeanza nacho tungeokoa muda. Lipo. Simenti inapobanwa ndani, mafuta na vipande vya uboho vinaweza kusukumwa kwenye damu mpaka mapafuni. Wenye moyo au mapafu mabovu wako hatarini zaidi. Lakini si kila mtu, na kuna namna ya kujihami: tundu la mfupa linaoshwa na kukaushwa vizuri, daktari mpasuaji anatamka kwa sauti kwamba sasa anaweka simenti, na daktari wa usingizi anakuwa ameshajiandaa kuilinda presha. Katika utafiti niliokutajia, vifo havikuwa vingi zaidi upande wa simenti.

Daktari wa usingizi umeongea naye? Na mama alianguka lini?

KitindaMimba
Jumapili.

SistaWaMifupa
Leo Alhamisi. Kwa nini hajapasuliwa?

KitindaMimba
Nilimwomba daktari asubiri, kuna mtu anaulizia upatikanaji wa ile ya vitundu. Kaka mkubwa hajui, yeye anafikiri ni foleni. Msinihukumu, nilikuwa natafuta kilicho bora.

MamaWawili
Subhana! Mama kalala na mfupa uliovunjika tangu Jumapili unasubiri urembo wa chuma? Miongozo inataka siku ileile au ya pili yake. Mwambie kaka yako sasa hivi.

ChaiYaRangi
Samahani niwakatishe. Hii ni chai, tena ya maziwa.

Rudini uzi wa juu kabisa: "anatembea kwa shida sana". Mtu aliyevunjika shingo ya paja anatembea wapi? Mtu mwenye mama wodini anauliza ukubwa wa vitundu kwa mikroni? Swali la kwanza "uso upi ni bora kitaalamu". Hilo ni swali la mtihani, linakosa tu "jadili kwa mifano". Mmemwandikia mtoto wa chuo kazi yake ya nyumbani, na FundiChuma kaweka mpaka gigapaskali.

JinoMoja
😂😂 Na mimi nimechangia historia ya sungura.

SistaWaMifupa
Kwa haki, wapo wanaotembea. Mvunjiko ukibanana, mfupa ukaingia ndani ya mwenzake, mtu anaweza kuchechemea siku kadhaa bila kujua. Ila wa hivyo mara nyingi hufungwa kwa skrubu, hawabadilishiwi nyonga. Kwa hiyo ChaiYaRangi, sikubali wala sikatai.

KitindaMimba
Kabla ya kuanguka ndiyo alikuwa anatembea kwa shida, nilichanganya maelezo kwa sababu sijalala. Nikupigie picha ya eksirei? Sikupigii, ni mama yangu, si kielelezo chako. Na mikroni mimi sikutaja, mmezitaja nyie.

ChaiYaRangi
Kweli mikroni umetajiwa. Lakini ulishukuru haraka.

BabuMkongoja
Hata ikiwa chai, mimi nimejifunza kwa nini walinizuia kukanyaga. Hivi bakteria nao hawapendi kukaa kwenye vitundu? Nimewaza tu.

FundiChuma
Wanapenda Babu, uso wa kushikika unawafaa hata wao. Gristina aliandika mwaka 1987 kwenye jarida la Science kuhusu mbio za kugombea uso: seli za mwili na bakteria wanakimbilia chuma kilekile, atakayewahi kujenga ndiye mwenye nyumba. Bakteria wakiwahi wanajifunika utando, dawa haipenyi vizuri. Simenti ina nafuu moja hapo, inachanganywa na antibiotiki kama jentamaisini ikatoka polepole palepale. Hata hili mleta mada hakulipima.

KitindaMimba
Kaka amefika wodini, kaongea na daktari bila mimi. Wamepanga kesho asubuhi, ya simenti. Daktari wa usingizi atatuona jioni. Bado naamini ya vitundu ingefaa, lakini sina wa kubishana naye tena. SistaWaMifupa, nimwulize nini huyo wa usingizi?

SistaWaMifupa
Mwambie presha yake na dawa zote anazomeza, hasa za kulainisha damu. Muulize kama wamejiandaa kwa simenti. Halafu muulize mpasuaji mama atasimamishwa lini, akikwambia kesho kutwa asubuhi, shukuru.

ChaiYaRangi
Mama apone kama yupo. Kama ni kazi ya chuo, alama apewe FundiChuma.

MsomajiKimya
Na goti je? La vitundu au simenti?

FundiChuma
Goti fungua uzi wake. Na uanze na umri.