Kaunti za kanda ya ziwa: lango moja la moduli, au kila idara na mfumo wake?

Mleta mada, Kisumu

Naiweka hoja hii mezani nikitaka ipingwe na wanaoijua kazi. Tangu kaunti 47 zianze kazi mwaka 2013, idara nyingi zimekuwa zikinunua mifumo ya kompyuta mmoja mmoja: huu wa leseni za biashara, ule wa kodi ya ardhi, mwingine wa maegesho, na hospitali kivyake. Mimi huandika programu za upande wa seva, yaani kompyuta kuu inayohudumia nyingine. Katika kaunti moja ya huku magharibi nilimkuta mwenye duka ameandikwa mara nne. Leseni ilimjua kwa jina la duka, ardhi kwa nambari ya ploti, maegesho kwa nambari ya gari, zahanati kwa jina la ubatizo. Dirisha moja lilimdai, jingine lilikuwa na pesa zake za ziada, na hakuna karani aliyeweza kuyaona yote mawili. Mkataba wa mmoja wa mifumo hiyo ulipokwisha, mkandarasi aliondoka na msimbo, yaani maandishi ya programu, kaunti ikabaki na majedwali yasiyosomeka. Niliyaona kwa macho yangu na bado yananiuma, kwa sababu yule mwenye duka alilipa mara mbili.

Pendekezo: kaunti 14 za Jumuiya ya Kiuchumi ya Kanda ya Ziwa zichange, zijenge lango moja kwa Java, lugha ya kuandikia programu, upande wa seva, na kila huduma iwe moduli, yaani kipande cha programu kinachochomekwa na kuchomolewa.

Lango ninalolisema si ukurasa wa matangazo. Linampokea mtu, linamtambua mara moja, kisha linampangia ukurasa wake kwa vipande. Kila kipande, yaani portleti, kinatoa sehemu yake tu ya HTML, lugha ya kuchorea kurasa za wavuti, na lango linaviunga pamoja. Kanuni zake ziko wazi kwa yeyote, katika hati za viwango vya Java: JSR 168 ilitoka 2003, JSR 286 ikafuata 2008. Ile ya kwanza ilitenganisha kutenda na kuchora. Mtu akibonyeza "lipa" kwenye kipande cha leseni, ni hicho peke yake kinachotenda. Cha maegesho kinachorwa upya bila kumtoza mtu chochote. Ya pili ikaongeza matukio: kipande cha malipo kinatangaza kwamba bili imelipwa, cha leseni kinasikia na kutoa cheti, wala kimoja hakihitaji kuujua msimbo wa mwenzake. Hapo ndipo uhuru wa kaunti ulipo. Mkandarasi wa leseni akishindwa kazi, unaitoa moduli yake na kuweka ya mwingine, huku maegesho yakiendelea kulipwa.

Na asiniambie mtu kwamba jambo hili halijapata kufanyika kwetu. Mwaka 2001 kituo cha afya cha Mosoriot, kule Nandi, kilianza kuweka kumbukumbu za wagonjwa kwenye kompyuta. Kazi ile ikahamia Eldoret, na kuanzia 2004 ikachangia kuzaliwa kwa OpenMRS: mfumo wa kumbukumbu za wagonjwa, wa Java na wa moduli, ambao msimbo wake uko wazi na unatumika leo katika nchi nyingi. KenyaEMR, inayotumika katika vituo vingi vya afya hapa nchini, imejengwa juu yake kwa moduli. Nandi ni mojawapo ya zile kaunti 14. Kama kumbukumbu za mgonjwa ziliwezekana, leseni ya kinyozi itashindikana vipi?

Mchangiaji, Nakuru

Kaka, Nakuru haimo kwenye jumuiya yenu, lakini tatizo hilo tunalo hata huku, kwa hiyo nitakujibu kama jirani. Picha yako ya vipande ni nzuri kwenye karatasi. Kwenye seva, portleti zote huishi ndani ya mashine moja ya Java na kugawana kumbukumbu ile ile. Moduli ya maegesho ikila kumbukumbu ya mashine bila kuirudisha usiku, asubuhi leseni imelala, ardhi imelala, na wewe unapigiwa simu na madirisha yote kwa pamoja. Hilo la kuchomoa bila wengine kuhisi linahitaji nidhamu ambayo sijaiona kwenye zabuni yoyote ya serikali.

Halafu kuna suala la mlango mmoja. Julai 2023 eCitizen, lango la huduma za serikali ya kitaifa, iliposhambuliwa na wadukuzi, aliyetaka pasipoti, aliyetaka viza na aliyetaka leseni ya kuendesha gari walikwama pamoja. Unataka kaunti 14 zikwame pamoja pia?

Umri wa teknolojia nao usiupite haraka. Java EE, seti ya Java ya mifumo mikubwa, ilihamia shirika la Eclipse Foundation ikaitwa Jakarta EE, na toleo la 9, mwaka 2020, lilibadilisha majina ya vifurushi vyake vya msimbo kutoka javax kwenda jakarta. Mfumo wa zamani ukitaka kuhama, kila faili linaloita vifurushi hivyo lazima liguswe, na portleti za JSR 286 zote ziliandikwa kwa jina la zamani. Desemba 2021 likaja tundu la usalama la Log4j, maktaba ya kuandika kumbukumbu za mfumo iliyokuwa ndani ya programu za Java zisizohesabika. Niambie, ni nani angeamka usiku ule kuziba seva ya kaunti? Vijana ninaowafundisha hapa wanakuja na lugha nyingine, JavaScript na Python. Wa Java akiiva tu, anapanda gari kwenda Nairobi.

Mimi ningejenga huduma ndogondogo zilizotengana, kila moja na seva yake na hifadhidata yake, zikiongea kwa API, yaani njia maalumu ya programu kuulizana na kujibizana. Moja ikifa, nyingine zinaishi.

Karani wa mapato, Luanda, Vihiga

Ndugu zangu, mimi Java siijui, lakini mifumo yenu naishika mkononi kila siku ya soko. Kuna mambo matatu hamjayagusa.

Mtandao ukipotea nikiwa katikati ya soko, kile kimashine cha kutolea risiti kinagoma na mwenye ndizi anasimama mbele yangu na pesa mkononi. Nikimwandikia karatasi, kesho naulizwa mbona mfumo hauoni. Lango lenu liwe la aina yoyote, kimashine kiweze kutoa risiti bila mtandao na kuipeleka baadaye.

La pili, wengi ninaowatoza wana kabambe, simu za vitufe. Ukurasa wa vipande hawatauona kamwe. Wanataka nambari ya nyota na reli (* na #) ya kubonyeza kwenye simu, na ujumbe unaosema wamelipa.

La tatu, ujumbe wenyewe huja kwa Kiingereza. Mama mzee ananipa simu nimsomee kama amelipa au anadaiwa. Si haki mtu amwamini anayemtoza ili ajue deni lake.

Mleta mada, Kisumu

Dada karani, ulilosema la tatu ningepaswa kulianza mimi. Katika Java maneno ya mfumo huwekwa kwenye mafaili yaliyo nje ya msimbo, faili moja kwa kila lugha. Kuongeza Kiswahili, Kijaluo au Kiluhya ni kazi ya mfasiri, haigusi hesabu hata kidogo. Kwa hiyo mfumo wa Java unaozungumza Kiingereza tupu ni uamuzi wa mtu, na zabuni inaweza kuukataza kwa sentensi moja. Kuhusu kabambe na risiti za bila mtandao, nakubali kwamba nilichora lango la mtu mwenye kompyuta. Ukurasa uwe mlango mmojawapo. Nambari ya nyota na reli na kimashine chako viingie kwenye moduli ile ile ya malipo. Kila risiti ipewe nambari yake na kimashine kabla ya kutumwa, ili ikitumwa mara mbili seva iitambue na kuikataa ya pili.

Kaka wa Nakuru, malipo nayaondoa kwenye lango. Umenishinda hapo. Moduli ya pesa iwe na seva yake na mashine yake ya Java, ili lango likianguka kimashine cha soko kiendelee kupokea. Mlango mmoja nao si lazima uwe jengo moja: kaunti 14 zinaweza kutumia msimbo mmoja zikiwa na seva 14, na shambulio la Kisumu lisiifikie Bungoma.

Ila Log4j naitumia kukujibu. Kaunti 14 zenye mifumo 14 zilihitaji watu 14 wa kuamka usiku ule. Zikiwa na msimbo mmoja, timu moja inaziba na wote wanapokea. Na hao vijana wanaokwenda Nairobi wanakwenda kwa sababu kaunti moja haiwezi kuwaajiri kwa kudumu. Kumi na nne zinaweza. Vyuo vikuu vipo: Maseno wapo, Masinde Muliro wapo.

Kuhama kutoka javax nakubali ni gharama. Kwa hiyo siing'ang'anii portleti yenyewe. Ninachong'ang'ania ni mpaka kati ya moduli: maelezo ya inachopokea, inachotoa na matukio inayotangaza yawe mali ya kaunti, yaandikwe kwenye mkataba pamoja na msimbo na muundo wa hifadhidata, kabla ya shilingi ya kwanza kulipwa.

Tunapotengana kweli ni kwenye daftari la watu. Kuna mama anayenunua omena Usenge, Siaya, na kuiuza soko la Kibuye, hapa Kisumu. Ana kaunti mbili, ada mbili, nambari moja ya simu. Kwenye huduma zako zilizotengana, kila moja na hifadhidata yake, ni ipi itakayojua kuwa ni mtu mmoja? Na ukisema iwepo huduma moja ya kumtambua, hilo ni lango tayari, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 itataka ijulikane nani analishika daftari. Mimi nasema kila kaunti ishike lake, na lango lihifadhi tu kiungo kati ya madaftari hayo, kwa idhini ya mama mwenyewe. Nionyeshe njia yako, nami nitaipima kwa safari yake ya siku moja, kutoka ufukweni hadi sokoni.