Nguba, Bukavu: ruta na simu zinashika rezo ya Rwanda, yunite zinaisha

Papeterie_Nguba
Habari zenu wandugu. Papeterie iko Nguba, upande unaotazama ziwa. Ruta ya 4G inalisha kompyuta tatu na printa. Mara nyingi rezo yetu inapotea, ruta inaandika "itinérance" (yaani imehamia rezo ya nje), halafu intaneti inakatika au mega zinaisha ghafla. Simu nazo hivyo hivyo: unapigia mtu wa hapa hapa Bukavu, yunite zinakatwa kama uko nje ya nchi. Je, kuzima itinérance kunatosha? Na kuna muuzaji anayetaka ninunue mashine ya kukuza mawimbi. Nianzie wapi?

Antena_Kadutu
Ndugu, simu haikimbilii mnara wa Rwanda kwa kuwa tu una nguvu kuliko wetu. Ikiwa kwenye otomatiki, hutafuta kwanza rezo ya laini yake, na huhamia ya jirani pale ya kwake inapopotea. Ikishahamia haina haraka ya kurudi, hata kama rezo yako imerudi zamani. Hapo Nguba maji ya ziwa hayana kilima wala jengo la kuzuia, kwa hiyo mawimbi ya upande wa Kamembe, Rwanda, yanakufikia wazi, wakati mnara wa kwetu huenda umefichwa na mlima. Kazi ni mbili basi: kufunga uchaguzi wa rezo, kisha kuipa nguvu rezo yako. Ukifanya ya kwanza peke yake, utabaki na "appels d'urgence uniquement" (simu za dharura tu) kila rezo inapodhoofu.

Android nyingi: Paramètres, Réseau et Internet, Cartes SIM. Zima "Itinérance". Kisha zima "Sélectionner automatiquement le réseau", subiri dakika moja hadi tatu orodha itokee, gusa jina la kampuni ya laini yako. Samsung: Connexions, Réseaux mobiles, Opérateurs réseau. iPhone: Réglages, Données cellulaires, Sélection du réseau, zima "Automatique". Simu ya laini mbili inataka ufanye hivyo kwa kila laini.

Yaya_Nyawera
Naongeza jambo linalowaumiza watu: kuzima itinérance ya data kunazuia mega tu. Simu ikiwa imesajiliwa kwenye mnara wa ng'ambo, kupiga na kutuma mesaji bado kunahesabiwa kama uko nje. Ndiyo maana kuzima peke yake hakutoshi.

Tazama jina la rezo juu ya kioo kabla ya kupiga. Saa ya simu haitakuonya, maana Bukavu na Rwanda zina saa ileile. Ukikuta jina geni, washa "mode avion" kwa sekunde kumi na tano, uzime; hiyo inailazimisha simu kutafuta upya. Na siku unavuka mto Ruzizi kwenda Rusizi, Rwanda, rudisha otomatiki, la sivyo utakaa bila rezo ukidhani laini imekufa.

Fundi_Ruta
Kwa ruta: fungua kivinjari, andika 192.168.8.1, 192.168.1.1 au 192.168.0.1 (anwani na neno la siri viko kwenye kibandiko chini ya ruta). Zima itinérance, weka utafutaji wa rezo kuwa wa mkono, chagua kampuni yako. Mahali inapoonyesha PLMN (namba ya kutambulisha rezo), namba inayoanza na 630 ni Kongo, 635 ni Rwanda. Baadhi ya ruta husahau uchaguzi huu umeme ukikatika, kwa hiyo umeme ukirudi hakikisha tena.

Kisha soma RSRP (nguvu ya mawimbi ya mnara, kwa dBm) na SINR (mawimbi yanavyozidi makelele, kwa desibeli), usihesabu vijiti. RSRP ya -85 ni nzuri, -100 inavumilika, chini ya -110 ndipo rezo inaanza kudondoka. SINR ikipita 13 uko salama. Karibu na 0 hata vijiti vikijaa intaneti itakwama. Sogeza ruta dirisha hadi dirisha, kila mahali subiri dakika mbili namba zitulie. Anza na madirisha yanayotazama mjini, uligeuzie ziwa mgongo.

Mashine ya kukuza, achana nayo. Inakuza kila kitu, pamoja na makelele na mnara wa jirani, na ikiwekwa vibaya inawaharibia majirani rezo. Kuiwasha bila idhini ya kampuni ya simu ni kujitafutia matatizo.

Papeterie_Nguba
Asanteni sana. Nimepima: dirisha la ziwani RSRP -112, SINR 1. Chumba cha juu, dirisha la kuelekea mjini, -98 na SINR 10. Ila kutoka juu hadi kwenye kompyuta ni kama mita 12. Ninunue antena na waya mrefu wa antena?

Fundi_Ruta
Hapana. Waya mwembamba wa antena wa RG58 kwenye masafa ya 1800 MHz unakula karibu desibeli moja kila mita, na kila desibeli 3 ni nusu ya nguvu. Mita 12 zitameza faida yote ya antena. Iache ruta juu, ushushe waya wa mtandao wa Cat5e, ambao unafika mita 100 bila shida, hadi kwenye swichi ndogo ya mtandao karibu na kompyuta. Chagua waya wa shaba tupu. Ule wa alumini iliyopakwa shaba hukatika ukikunjwa.

Kama bado SINR iko chini ya 10, hapo ndipo antena ya kuelekeza inafaa: mbili kwa MIMO (ruta kutumia antena mbili kwa pamoja), moja imeinama digrii 45 kulia, nyingine 45 kushoto, waya usizidi mita 2 au 3. Hakikisha ruta ina matundu ya kuchomeka antena, ya SMA au TS9, kabla ya kulipa. Zungusha polepole, digrii kumi kumi, ukifuata SINR badala ya RSRP. Antena ikiupa mnara wa Rwanda mgongo, inapunguza hata makelele yake.

Antena_Kadutu
Na ruta ikishakaa juu, ikinge jua la dirishani. Ikipata joto sana inapunguza kasi au inajizima, halafu utadhani ni rezo tena.