Msaada wakuu: Marangu Mtoni hakuna pa kuegesha gari Desemba, kamati tumekwama

Mkazi_wa_Mtoni
Wakubwa shikamooni, wengine habari za majukumu. Niko Marangu Mtoni, Vunjo. Wanaopajua wanajua: njia panda, barabara ya kutoka Himo inakwenda Rombo, nyingine inapanda getini kwa wapanda mlima Kilimanjaro. Stendi ya hiace, soko, bodaboda, bucha, vyote vimebanana hapo hapo. Siku za kawaida tunavumiliana. Desemba wenyeji wakianza kurudi nyumbani kutoka Dar kwa sikukuu, gari zinaegeshwa pande zote mbili mpaka costa ya Rombo inashindwa kupishana na gari la watalii. Mwaka jana gari la wagonjwa lilipiga king'ora pale huku mwenye Prado akitafutwa buchani.
Kijiji kimeunda kamati, mimi ni mjumbe. Kimepatikana kiwanja cha robo eka jirani na soko, gari mia ziingie, kila moja buku. Swali: tutoze kwa saa au kwa siku? Usiku silali wakuu, kikao kimekaribia.

NoahYaBaba
Tatizo ni foleni ya njiani, siyo Mtoni. Mwaka juzi tumetoka Dar alfajiri, Mombo tu pale tumekula mahindi ya kuchoma mpaka watoto wakaanza kutapika. Tumefika Mwika usiku, ndafu imeshaisha.

Mama_Migomba
Wanangu, gari wanakuja nayo ili waonekane. Mtu kwao ni hatua chache kutoka sokoni, anashuka na gari kununua chumvi. Iacheni kwa mama zenu mtembee, mtasalimia na wazee njiani.

Karani_Mstaafu
Mkuu, kabla ya bei. Hiyo barabara ya Himo–Rombo iko chini ya TANROADS. Kwa Sheria ya Barabara ya 2007 hifadhi ni mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara, zamani ilikuwa 22.5. Kiwanja kikiingia humo kijiji hakina mamlaka ya kutoza. Pili, ushuru wa kijiji unataka sheria ndogo: halmashauri ya kijiji, mkutano mkuu, halafu wilaya iidhinishe. Tatu, kiwanja ni cha nani?

Mkazi_wa_Mtoni
Asante mzee. Hifadhi ya barabara hakigusi, tulipima kwa futi kamba. Kiwanja ni cha mwanakijiji mmoja, ameridhia. Turudi kwenye saa au siku.

Karani_Mstaafu
Mwanakijiji gani? Analipwa nini?

BodaWaKilema
Ameruka swali, mmeona?

Mkazi_wa_Mtoni
Sawa. Ni sehemu ya kihamba cha nyumbani, yaani shamba letu la ukoo. Mama yuko hai na amekubali. Mapato nusu kijiji, nusu familia. Sioni ubaya, hakuna mwingine aliyejitolea ardhi! Na kazi imeshaanza, kijiko kimesawazisha upande wa chini na kifusi kimemwagwa, kwa sababu mvua za vuli hazisubiri kikao. Migomba iliyotoka ilikuwa imezeeka.

Mama_Migomba
Uuuwi. Umeng'oa migomba ya mama yako kabla kikao hakijakaa? Na kaburi la baba liko wapi?

Mkazi_wa_Mtoni
Mama, kaburi liko juu karibu na nyumba, halijaguswa na halitaguswa. Kahawa nazo zipo.

Fundi_Vipimo
Hii chai. Robo eka ni kama mita za mraba elfu moja. Gari moja inataka mita 2.5 kwa 5, ukiweka na njia ya kupita unahesabu mita 25 kwa kila gari. Hapo zinaingia 40, tena dereva wawe wastaarabu. Mia zinakaa wapi, juu ya migomba? Halafu Mtoni ni miteremko mitupu, robo eka tambarare mleta uzi kaitoa wapi? Ametunga tujae humu.

BodaWaKilema
Chai ya rangi kabisa. Picha iko wapi?

NoahYaBaba
Mimi nilishaanza kumhurumia jamani.

Mkazi_wa_Mtoni
Sijatunga. Mia ni kwa siku nzima, wanaingia na kutoka. Kwa mpigo tulihesabu 35. Na sijasema tambarare: kijiko kimekata ngazi mbili. Ngazi ya juu imeacha mfereji wa maji wa zamani pembeni, tumeupitishia bomba kubwa la saruji ili gari zivuke, maana walio chini yetu wanamwagilia kwa mfereji huo. Picha siweki, nyumba ya mama inaonekana.

Fundi_Vipimo
Mtu wa kutunga asingekumbuka mfereji. Nafuta kauli. Basi tozeni kwa saa, la sivyo wenye maduka watalaza gari zao humo kutwa na wageni warudi barabarani. Na bomba liwekwe wavu, moramu ikishuka na mvua litaziba.

Mwl_Likizo
Desemba shule zimefungwa. Ombeni uwanja wa shule ya msingi kupitia kamati ya shule na wilaya, wiki mbili tu. Unabeba zaidi ya hiyo robo eka na hakuna kihamba kinachokatwa.

Mkazi_wa_Mtoni
Mwalimu, shule iko mbali na soko, watu hawatakubali kutembea. Na kijiko nimeshalipia.

Karani_Mstaafu
Umelipia wewe, siyo kijiji. Kwenye kikao tamka kwamba ardhi ni ya kwenu, kisha toka nje wajadili bila wewe. Uwanja wa shule uwekwe mezani pia. Ndugu zako wanajua?

Mkazi_wa_Mtoni
Kaka zangu wako Dar. Watakuta limekamilika, wataegesha bure.

Mama_Migomba
Mdogo wangu, kihamba si cha mama yako peke yake wala si chako. Mpigie mkubwa leo, kijiko kisirudi kesho.

Mkazi_wa_Mtoni
Nitampigia jioni. Na kikaoni nitatamka, nitatoka. Ila kifusi sikizoi.

NoahYaBaba
Nakuja tarehe 23. Kulaza gari usiku inaruhusiwa? Mlinzi yupo?