Maua ya anemoni kwa uwanja wenye jua, Bwiru, Mwanza

Wadau, habari za majukumu. Huku Leeds viazi vya anemoni vimeanza kuuzwa. Bi Mkubwa yuko Bwiru, uwanja unapigwa jua kutwa. Nimpelekee aina gani, na apande lini?

—

Salama, dada. Chukua *Anemone coronaria* tu, aina ya De Caen au St. Brigid. *Anemone blanda* iache dukani, inataka baridi ya kweli ardhini na Mwanza haina. Coronaria nayo ni mmea wa Mediterania: inakua msimu wa baridi, na udongo ukipita nyuzi 21 hivi majani yanakuwa manjano, inalala. Jua lenyewe halina neno, kinachoiharibu ni udongo kupata moto.

Kwa hiyo apande kwenye vyungu vya udongo, si ardhini, na viwe upande unaopata jua la asubuhi hadi saa tano. Plastiki nyeusi asiiguse. Udongo wa luseni (wa kichanga) wa milimani unafaa: sehemu mbili za luseni, moja ya samadi iliyooza kabisa. Ule mweusi wa mbuga unashika maji, kiazi kitaoza kabla hakijatoa jani.

Kiazi kikavu kinafanana na kipande cha tangawizi kilichosahaulika jikoni, juu na chini havijulikani. Akilaze ubavu, chipukizi litajua njia. Mwishoni mwa Aprili aviloweke kwa muda wa saa 3 hadi 4, si usiku kucha, maana vikikosa hewa vinaoza. Kisha avifukie kwenye mchanga wenye unyevu kidogo (ukiukamua usidondoshe maji), ndani ya boksi lenye matundu, aliweke kwenye droo ya mboga ya friji, wiki 3 au 4. Ndizi mbivu zisikae humo, gesi yake inaharibu vichipukizi. Chenye ukungu au kilicholainika kitupwe.

Mwishoni mwa Mei mvua zinakatika na usiku unapoa. Hapo apande: kina sentimita 5, nafasi 10 hadi 15, juu atandaze nyasi kavu. Amwagilie asubuhi tu, udongo wa juu ukishakauka. Maua ayatarajie Agosti. La kukata ni lile lililofunguka na kufunga mara moja, na kola ya majani (yanayozunguka shina chini ya ua) iwe imeachana na ua kwa upana wa kidole.

Asitegemee yarudi mwakani. Kwa Mwanza hii ni mbegu ya msimu mmoja.

—

Naongezea. Majani yakijikunja na shina kupinda, mara nyingi ni ugonjwa wa kuvu, si kiu. Ang'oe mche wote na iliyobaki asiimwagilie maji juu ya majani. Vidukari vinaondoka kwa maji ya sabuni. Utomvu unawasha ngozi na mmea una sumu, mbuzi na watoto wakae mbali.

—

Na makaratasi, dada, usiyasahau. Kwanza kibali cha kuingiza mimea kutoka TPHPA (mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu Tanzania), kwa kuwa masharti yameandikwa humo. Ndipo uombe cheti cha usafi wa mimea huko Uingereza. Viazi viwe safi, bila chembe ya udongo. Kuvificha kwenye soksi ndani ya begi ni kutafuta kunyang'anywa uwanja wa ndege.

—

Je, akitaka zinazojiotea zenyewe?

—

Hizo ni *Anemone thomsonii*, za juu Kilimanjaro kwenye baridi. Bwiru ni mita 1,140 hivi tu, haziji.