Nimemaliza mafunzo ya usuluhishi juzi tu, mtaa umeshapanga kikao Jumamosi na aliyeibiwa hataki kuja. Naombeni ushauri

Subira_Njema

Habari zenu wakuu, samahani uzi utakuwa mrefu kidogo ila naombeni mnisome mpaka mwisho maana nimebanwa kweli na huku nilipo sina wa kumuuliza.

Mwezi uliopita nilipata nafasi ya kuhudhuria mafunzo ya siku tano ya haki rejeshi (yaani aliyekosa na aliyekosewa wanasaidiwa kurekebisha madhara ya kosa, si adhabu tu) na ujenzi wa amani. Tulikuwa watu ishirini na kitu, walimu, viongozi wa dini, vijana, polisi wawili. Tukafundishwa kukaa kwenye duara, kile kifaa cha kuongelea kinavyozunguka mkono kwa mkono na aliyekishika ndo anaongea wengine kimya, tukafundishwa kusikiliza bila kumkatisha mtu (hili ndo lilinishinda kuliko yote), tukafanya na maigizo. Siku ya nne nikapewa nafasi ya mtu aliyevunjiwa nyumba, nikalia kabisa wakati najua ni igizo. Nikarudi nyumbani nina moto sijapata kuwa nao.

Sasa kurudi tu nakuta kesi. Kijana wa miaka 17 kavunja nyumba ya mama mmoja mjane ambaye ni fundi nguo, kachukua cherehani na vitambaa vya wateja. Kashikwa, kakiri, ila cherehani imeshauzwa na haijulikani iko wapi. Wazazi wa kijana ni watu wazuri tu, wamekuja kwa wazee wanataka yaishe. Polisi nao wamesema pande zote zikikubali na utaratibu ukifuatwa kuna uwezekano lisifike mahakamani kwa sababu ya umri wake. Basi wazee wakatangaza, Jumamosi hii uwanjani, mtaa mzima uje, "na mwezeshaji tunaye amesomea". Yaani mimi.

Shida ni mama mwenyewe. Nimeenda mara mbili. Mara ya kwanza akaniambia "mwanangu mimi sina neno na huyo mtoto, ila sitaki kumuona". Mara ya pili hakusema kitu, aliendelea kupiga pasi mpaka nikaaga. Wazee wanasema atakuja tu, akiona watu wote wamekusanyika ataona aibu kukataa. Mmoja akasema hata asipokuja tunaendelea, kijana ataomba msamaha mtaa utamsamehe.

Mimi roho inakataa ila sina uzoefu, hii ndo ingekuwa kesi yangu ya kwanza. Na nikikataa najua watasema mafunzo ya siku tano yamenipanda kichwani, mzee mmoja ameshaniambia "tumesuluhisha watu hujazaliwa", na ni kweli wamesuluhisha. Nifanyeje?

Fundi_Saa

Ahirisha. Roho yako imeshakujibu, sisi tunakuthibitishia tu.

Duara_na_Kijiti

Subira pole na hongera kwa pamoja, hongera kwa sababu wengi wakitoka mafunzo wanakimbilia kukaa kikao na wewe umesimama kuuliza. Hii kazi nimeifanya miaka tisa, ngoja niandike ninachokijua.

Kwanza hicho walichokiita kikao ni sehemu ndogo sana ya kazi, labda saa mbili. Kazi yenyewe iko kabla. Mimi kesi ya wizi wa kawaida naonana na aliyeibiwa peke yake mara mbili hata tatu, na mkosaji hivyohivyo, na wazazi wake peke yao, halafu ndo nauliza kama kuna mtu anataka kuonana na mwenzake. Kuna kesi nimezimaliza vizuri kabisa na hao watu hawajawahi kukaa chumba kimoja, nilikuwa natembea katikati na maneno yao. Mafunzoni hili huwa linapita haraka kwa sababu duara ndo lina mvuto, watu wanapenda duara.

Pili hiari. Umoja wa Mataifa ulipitisha misingi ya hii kazi mwaka 2002 kupitia baraza lake la uchumi na jamii, na pale imeandikwa wazi kwamba mwathirika na mkosaji WOTE wakubali kwa hiari yao, na yeyote anaweza kujitoa muda wowote. Sasa mtu akiletwa kwa aibu ya kuangaliwa na mtaa mzima, hiari iko wapi hapo? Misingi hiyohiyo inataka mnaangalia na nani ana nguvu kuliko nani, na mjane mmoja mbele ya uwanja mzima wa watu wanaotaka asamehe hana nguvu yoyote. Na pia inasema mazungumzo yasiyo ya hadhara yabaki siri. Uwanjani hakuna siri, na huyo kijana ni mtoto bado, kosa la miaka 17 atalibeba mtaani mpaka anazeeka.

Tatu, nawe usikate tamaa na kuonana kwenyewe, kunafaa sana kukija wakati wake. Hii ya siku hizi wengi wanahesabu ilianzia Elmira huko Ontario nchini Kanada mwaka 1974, vijana wawili walilewa wakaharibu mali za watu 22 usiku mmoja, ofisa aliyekuwa anawaandalia ripoti akapendekeza kwa jaji waende wakaonane na wenye mali, jaji akakubali. Walienda mlango kwa mlango! Hakuna uwanja, hakuna spika. Mwenye nyumba yuko mlangoni kwake, anaweza kuongea au kufunga mlango wake. Hicho ndo nakipenda pale.

Jiwe_la_Kona

Samahani nitakuwa tofauti na wengine. Huyo mama katafuta cherehani yake miaka, kaibiwa, leo badala ya mwizi kwenda kujibu mashtaka tunakaa kutafuta namna ya kumbembeleza. Miaka 17 anajua kuuza cherehani anashindwa kujua anaiba? Mnawafundisha vijana kwamba ukiiba utaitwa kikao utasema samahani utarudi kulala kwenu. Mama hataki kumuona, mimi namuelewa, namuunga mkono.

Bi_Taratibu

Jiwe la Kona nakuelewa, na nataka niandike kitu ambacho sijawahi kukiandika popote.

Mimi nilishakalishwa kikao cha namna hiyo. Sitasema wapi wala kosa lilikuwa nini, ila niliitwa, nikakuta watu wamejaa, aliyenikosea akapiga magoti akalia, watu wakaanza kuniangalia mimi. Kila mtu anasubiri. Nikasema nimekusamehe kwa sababu nilitaka kutoka pale nipumue, tukakumbatishwa, wakapiga makofi. Nikarudi nyumbani nikatapika. Na tangu siku ile nikionyesha kuumia kidogo tu naambiwa "si ulishasamehe". Ile ilinichukulia hata haki ya kuwa na hasira na jambo langu mwenyewe.

Lakini Jiwe, wala sikutaka jela peke yake. Nilitaka kumuuliza maswali. Kwa nini mimi? Ulikuwa umepanga? Hakuna hakimu angeniulizia hayo na siku ya kikao hakuna aliyenipa nafasi, niliitwa kuja kutoa msamaha tu kama vile mimi ndo nadaiwa. Subira, nenda kwa huyo mama ukae naye bila ajenda ya Jumamosi. Usimuulize atakuja au haji. Muulize nini kimemharibikia tangu siku ile.

Duara_na_Kijiti

Bi Taratibu asante sana dada yangu, pole mno. Hicho ulichokiandika kingefundishwa siku ya kwanza ya mafunzo kabla hata watu hawajapewa madaftari.

Jiwe la Kona hoja yako ina uzito, naijibu kwa ninachokijua. London yalifanyika majaribio na watu waliovunjiwa nyumba au kuporwa, wakagawanywa kwa bahati nasibu, wengine wakakaa uso kwa uso na mkosaji na wengine mahakama tu, waliokaa walionekana kuwa na dalili chache za kiwewe kuliko wenzao. Na hawakuepushwa mahakama, kesi ziliendelea kama kawaida, kwa hiyo hivi vitu viwili vinaweza kwenda pamoja. ILA na hii ndo watu wanairuka, wote walioingizwa kwenye yale majaribio walikuwa wameshakubali kuonana kabla hawajagawanywa. Huwezi kuchukua matokeo yao ukampelekea mama ambaye hajakubali.

Mzee_Kobe

Nimesoma yote. Mimi ni mmoja wa hao wazee mnaowasema, si wa mtaa wako ila kazi ni ileile. Binti yangu usiende kuwapinga wazee mbele za watu, utapoteza na mama hatapona. Nenda kwa mmoja, yule wanayemsikiliza wenzake, nenda jioni nyumbani kwake, mwombe ushauri kweli si kwa ujanja. Mwambie mama anaogopa. Wazee tunaharakisha kwa sababu tunaogopa vijana wenye hasira wakampige huyo mtoto, au familia mbili zikawa maadui, hatuna nia mbaya. Tunataka moto uzimwe. Tunasahau tu kuangalia nani bado anaungua ndani.

Na wape kazi. Mzee akikosa kazi kwenye jambo ataitisha mkutano. Nani atahakikisha kijana analipa? Nani atazuia maneno mtaani? Nani atakaa na baba yake? Hiyo ndo kazi ya jamii.

Rwanda baada ya 1994 walirudisha kesi za mauaji ya kimbari kwa jamii yenyewe, gacaca, mahakama zaidi ya 12,000, kesi karibu milioni mbili mpaka zinafungwa 2012. Waamuzi walikuwa raia wa kawaida wakachaguliwa wakapewa mafunzo mafupi tu kama wewe. Nchi isingeweza kumaliza kesi hizo kwa mahakama za kawaida, na familia nyingi zilijua pale ndugu zao walizikwa wapi. Lakini pia kuna mashahidi walitishwa na wengine waliuawa kwa sababu ya kusema ukweli mbele ya majirani. Kwa hiyo jamii inaponya na jamii hiyohiyo inatisha. Angalia yenu Jumamosi itakuwa ipi.

Kalamu_Nyeusi

Naomba niongeze dogo kwa Subira na wote waliotoka mafunzo, kuna kesi usiziguse kabisa na uzoefu mdogo. Mwanamke anayepigwa na mumewe, mtoto aliyeingiliwa, hizo peleka polisi na kwa wataalamu, usikubali kuambiwa zimalizwe kifamilia. Kipigo cha ndani hakijaisha, mhusika anarudi nyumba ileile usiku uleule.

Subira_Njema

Jamani nimesoma kila neno, Bi Taratibu umeniliza. Mzee Kobe shikamoo, leo jioni naenda kwa mzee niliyemfikiria. Duara swali moja, kama mama akikataa moja kwa moja, huyu kijana anabaki bila kitu? Maana wazazi wake wanasema hata shule hataki kwenda.

Duara_na_Kijiti

Habaki hivyo. New Zealand tangu sheria yao ya mwaka 1989 wanakaa na kijana na ukoo wake, aliyekosewa ana haki ya kuja au kutuma mtu wa kumwakilisha, na asipotaka familia bado inakaa. Kuna kipindi maofisa wanatoka nje kabisa wanaiacha familia peke yake ipange itafanya nini. Kwa hiyo unaweza kukaa na kijana na watu wake watano sita, umuulize nini kilitokea, ulikuwa unawaza nini, nani ameumia na kivipi, utafanya nini kurekebisha. Usimwambie majibu, kimya kikizidi kiache kizidi. Mkifika kwenye makubaliano yaandikwe, kiasi gani, lini, nani anafuatilia, na yasiwe makubwa kuliko uwezo wake maana ahadi ikivunjika mama anaumia mara ya pili. Polisi wajulishwe kila hatua. Na tafuta mwezeshaji mzoefu akae pembeni yako, hata mimi kesi nne za kwanza nilikuwa msaidizi tu.

Subira_Njema

Narudi na mrejesho, ni Jumapili usiku.

Jumamosi haikufanyika. Mzee alinisikiliza muda mrefu sana, akauliza tu "anaogopa nini?" nikamwambia sijui kwa sababu sijamuuliza. Akasema basi nenda kamuulize, mimi nitaongea na wenzangu. Na aliongea nao kweli.

Nikaenda kwa mama. Nilikaa nikamsaidia kukunja nguo, nikamuuliza kama alivyosema Bi Taratibu, nini kimeharibika tangu siku ile. Akaongea karibu saa nzima. Msamaha wala hakuutaja. Kinachomuua ni wateja, vitambaa vyao vimeibiwa na kuna waliomwambia usoni kwamba ameviuza mwenyewe, ndo maana hataki kusimama uwanjani mbele ya watu walewale. Na kitu kingine, anataka kujua kijana alijuaje siku ile hayupo nyumbani, kuna mtu alimwambia au alikuwa anamfuatilia. Tangu siku ile halali mpaka aegeshe kabati mlangoni.

Wazee wanne wamegawana wateja, wanapita nyumba kwa nyumba kueleza kilichotokea, na watatu kati ya wateja wameshaenda kwake wenyewe. Mke wa mzee mmoja kamwazima cherehani yake. Lile swali nimempelekea kijana mbele ya baba yake, nikamwambia hana lazima ya kujibu leo. Alikaa kimya sana halafu akaomba karatasi. Amenipa leo baada ya ibada, imekunjwa, sijaifungua kwa sababu si yangu. Kesho asubuhi nampelekea mama, aisome au aiweke atakavyo yeye.