Je, kila mtoto anahitaji vitamini za dukani?

Wazazi wengi wa mijini hushikilia kwamba chakula cha siku hizi hakina nguvu, kwa hiyo kila mtoto apewe dawa ya maji ya multivitamini kila siku ili akue vizuri na apate hamu ya kula. Siikubali hoja hiyo, wala sikubaliani na wanaodai kuwa vitamini zote za nyongeza ni biashara tupu.

Nianze na hao wa pili. Nchini Tanzania, mtoto wa miezi 6 hadi 59 hupewa matone ya vitamini A mara mbili kwa mwaka: kapsuli ya buluu yenye yuniti 100,000 kwa ambaye hajatimiza mwaka, na nyekundu yenye yuniti 200,000 kwa aliyetimiza, mhudumu akikata ncha kwa mkasi na kumkamulia mtoto mdomoni. Dozi hiyo huhifadhiwa kwenye ini na kutumika kwa miezi kadhaa. Inamfaa hasa mtoto anayeshindia uji na ugali wa unga uliosagwa kwenye mashine ya mtaani, ambako mara nyingi virutubishi haviongezwi licha ya kanuni za mwaka 2011 zinazotaka viongezwe kwenye unga na mafuta ya kula. Vitamini A ikipungua mwilini, macho hudhurika, na surua au kuhara humwelemea mtoto upesi. Kumnyima matone hayo ni kumwonea.

Chupa ya dukani ni jambo jingine. Mtoto anayekula maharage, dagaa, mayai, papai na matembele yaliyoungwa kwa mafuta kwa kawaida haihitaji. Vitamini C ikizidi hutoka kwa mkojo, lakini vitamini A ikizidi hulimbikizana na inaweza kudhuru. Watoto njiti na wenye selimundu wana mahitaji yao, ambayo daktari huyaandikia.

Kinachonihuzunisha ni mtoto aliyekataa chakula kuongezewa vijiko vya dawa wiki baada ya wiki, kumbe ana minyoo au amepungukiwa damu, na kadi yake ya kliniki inaonyesha kuwa uzito umesimama. Damu hupimwa kwanza, kisha madini ya chuma hutolewa kwa kipimo, na chai ya rangi huondolewa kwenye mlo kwa kuwa huzuia madini hayo kufyonzwa.

Anayeitetea chupa hiyo atueleze: inatibu upungufu gani, umepimwa wapi, na kwa nini fedha hiyo isinunue mayai?